Kura ya Koo Kavu

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitika kama watu walioshiba wali wa nazi wakataka kulala. Tena, na wewe mzee wa pale nyuma unayejifanya umemsindikiza mjukuu tu, fungua kinywa. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Leo nina ngano ya wanyama, na najua mnamngoja Sungura. Hayumo. Fisi naye nimemwacha kwake, apumzike kusemwa. Watoto, sikilizeni kwa masikio. Wakubwa, sikilizeni kwa kidole, kile kinachotiwa wino siku ya uchaguzi, maana hadithi hii ni yenu zaidi kuliko ya watoto.

Hapo zamani za kale, kabla ya bomba na kabla ya ndoo, palikuwa na mto wa mchanga. Masika ulijaa, ukanguruma, ukabeba magogo. Kiangazi ulikauka, ukabaki mchanga mtupu unaochoma kwato. Lakini maji hayakwenda mbali. Yalijificha chini ya mchanga, na anayeyataka sharti achimbe.

Aliyekuwa akichimba ni Ndovu. Kila kiangazi alishuka mtoni, akapiga mguu, akavuta mchanga kwa mkonga, shimo likawa shimo, maji yakaja. Wote wakanywa. Hakuna aliyemchagua Ndovu. Nani angempinga?

Mwaka mmoja Ndovu akahama. Alisikia kwamba milimani majani ni mabichi. Akakusanya ukoo wake, akaenda, du, du, du, wala hakuaga. Kiangazi kikaja. Mto ukakauka. Wanyama wakabaki kutazamana.

Sasa mto ule ulikuwa na sheria yake, ya tangu mababu. Shimo ni moja, na mchimbaji ni mmoja. Mnajua kwa nini? Kwa sababu mashimo mawili katika mchanga mmoja hubomoana. Ukichimba lako hapa, mwenzako akachimba lake pale, kingo zinaporomoka, mnabaki na tope na lawama. Basi ikabidi wachague Mchimbaji. Huyo ndiye atakayesema shimo liwe wapi, liende chini kiasi gani, na nani anywe kabla ya nani.

Na walichagua kwa mlolongo. Wagombea wanasimama mbele, kila mnyama anajipanga nyuma ya amtakaye, mstari mrefu umeshinda. Karatasi hakuna, sanduku hakuna, siri hakuna. Kila mtu anaona mgongo wako umesimama wapi. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Haya, mwenye hadithi ni Paa. Paa ni ndugu wa Swala, lakini ni mdogo, na miguu yake ni kama vijiti vya mshikaki. Kiangazi kile alikuwa na mtoto mchanga jina lake Tunu. Tunu alikuwa bado anasimama kwa kuyumba. Maji mengine yalikuwepo, ziwani, huko mbali nyuma ya vilima. Nyumbu angeweza kwenda, Punda Milia angeweza kwenda. Tunu asingefika hata kilima cha kwanza. Kwake yeye ni maji ya shimo la mtoni, au hakuna maji. Paa alilala akiliwaza hilo, akaamka akiliwaza hilo.

Wakajitokeza wagombea wawili.

Wa kwanza ni Korongo, yule mwenye shada la manyoya ya dhahabu kichwani. Mrefu. Msafi. Akitembea utadhani ardhi imetandikwa zulia. Na kucheza? Msiniulize. Alikuwa akiruka juu, anatua kwa mguu mmoja, anafungua mabawa, pwaa, hata mawe yanatamani kupiga makofi. Wala hakuwa mbaya, Korongo, msinielewe vibaya. Alikuwa anapenda kupendwa, basi.

Wa pili ni Ngiri. Ngiri mnamjua. Uso wenye vinundu, mkia umesimama kama mtu aliyekasirishwa, na akila anapiga magoti ya mbele. Meno yake mawili yamepinda nje ya mdomo, na kwa meno hayo alikuwa akijichimbia pango lake mwenyewe. Alipoambiwa aseme neno mbele ya wanyama, alisimama, akakohoa, akasema, "Mimi sijui kuimba. Nikichimba, vumbi litawaingia machoni. Nitachimba pale kwenye kona ya mto, chini ya ukingo, maana pale mchanga una ubaridi. Wadogo watakunywa kwanza, kwa sababu wakubwa wakitangulia wanachafua maji. Asiyetaka, asije."

Akaketi. Hotuba imekwisha.

"Ametutukana," akasema Nyumbu.

"Hata salamu hakutoa," akasema Punda Milia.

Paa peke yake ndiye aliyesikia yale maneno mawili katikati ya vumbi lile. Wadogo kwanza. Akamwambia mwanawe, "Tunu, mimi nimempata wangu. Ana meno, na ametukumbuka."

Basi akazunguka kuwasikia wenzake. Akamkuta Punda Milia anajikuna kwenye mti.

"Bwana Punda, mwaka huu ni nani?"

"Korongo, hilo si la kuuliza. Mtazame bawa lake, kuna nyeupe, kuna nyeusi. Huyo ni wa kwetu."

"Lakini anajua kuchimba?"

"Nimekwambia ni wa kwetu, wewe unaniuliza habari za kuchimba."

Akamkuta Nyumbu. "Na wewe, Nyumbu?"

"Wenzangu wanasemaje?"

"Sijawauliza."

"Basi nami sijui. Nitajijua nikiwaona."

Akamkuta Kobe, akamwambia, "Mzee, shikamoo. Wewe utasimama wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kwa mwenye mabawa. Babu yangu, kabla ya enzi za Ndovu, alikuwa akisimama kwa mwenye mabawa."

"Kwa nini, mzee?"

Kobe akawaza, akawaza, jua likasogea. "Hakuniambia," akasema.

Mwisho akafika kwa Swala, dada yake mkubwa. Swala akacheka mpaka akashikilia mbavu. "Ngiri? Yule anayepiga magoti? Mdogo wangu, wewe unataka kiongozi tunayemtazama kisogoni akila? Na wageni wakija tutamwonyesha nani?"

Paa akaenda zake. Lakini moyoni alikuwa na lake, na lake lilikuwa Ngiri.

Siku ya mlolongo ikafika. Jua lilichoma tangu asubuhi. Wanyama wakaja uwanjani midomo imewakauka. Na nani waliyemkuta pale? Nyani, mpambe wa Korongo, amekaa juu ya lundo la matikiti ya porini. Usiulize aliyatoa wapi. Nyani akitaka kitu, kitu kinapatikana.

"Karibuni, karibuni," anasema Nyani. "Hii si hongo. Nani aite watu mkutanoni asiwape hata cha kutafuna? Huu ni ukarimu wa Korongo. Kula, mama. Kula, mzee. Na wewe wa Ngiri, kula pia, sisi hatubagui."

Wakala. Kwachu, kwachu, maji ya tikiti yanachuruzika videvuni. Paa naye akala. Akamtafunia Tunu, Tunu akanyonya, akalamba pua, akarukaruka kidogo. Kiu ikaondoka uwanjani kana kwamba haikuwahi kuzaliwa. Watu wakaanza kutaniana. Kobe akatoa kichwa nje chote.

Hapo ndipo Korongo akaingia, na Nyani akaanzisha wimbo. Nyinyi ndio wanyama, mwitike.

Nani ana shada?

Ni Korongo!

Nani ana shingo?

Ni Korongo!

Nani atatunywesha?

Ni Korongo!

Mnaona mlivyoitika? Na hamjala hata tikiti. Haya, endelea.

Korongo akacheza. Akaruka, akatua, pwaa. Vumbi halikumgusa. Punda Milia wakapiga kwato. Kisha ikatangazwa, jipangeni.

Mstari wa Korongo ukaanza kukua. Punda Milia wote. Nyumbu walitazama, wakaona punda, wakaenda kama mto uliovunja kingo. Swala wakafuata. Nyuma ya Ngiri alisimama Nungunungu, ambaye hakuna anayependa kusimama karibu naye, na nyuma ya Nungunungu alisimama Kicheche, na harufu ya Kicheche mnaijua.

Paa akatoka. Akamwelekea Ngiri. Hatua, hatua, hatua. Tunu nyuma yake. Alibakiza kidogo tu afike.

"Paa," sauti ya Swala ikaita kutoka mstari ule mrefu. "Mdogo wangu, umepotea njia? Ndugu zako wote wako huku."

Watu wakageuka. Macho yote kwa Paa. Mwingine akacheka.

"Wengi wape," akasema Swala. "Usipowapa, watachukua kwa mikono yao. Njoo."

Paa akasimama katikati ya uwanja. Akamtazama Ngiri. Ngiri hakumwita, hakutikisa hata sikio. Paa akatazama mstari mrefu, akatazama mstari mfupi. Akajiambia, kura yangu moja itabadilisha nini? Akajiambia, labda Korongo atajifunza kuchimba. Akajiambia, hata hivyo leo hatuna kiu kali.

Akageuka. Akaenda akasimama mwisho kabisa wa mstari wa Korongo, mkiani.

Nasema wazi, niliposimuliwa sehemu hii mara ya kwanza nilimkasirikia Paa. Siku hizi simkasirikii. Nimeona wangapi wakigeuka katikati ya uwanja, tena hawakuwa na mtoto wa kunyonyesha wala ndugu wa kuwaita, walikuwa na haya tu.

Korongo akashinda. Wakambeba.

Sasa shimo. Ngiri alisema kwenye kona, chini ya ukingo. Nyani akasema, "Kule kumejificha mno. Mchimbaji wetu atacheza wapi? Nani atamwona?" Basi likachaguliwa eneo katikati ya mto, peupe, mahali pa kutosha watazamaji. Korongo akachimba kwa kidole cha mguu. Kwaru. Kwaru. Akachoka. Nyani akamsaidia kwa mikono, fyu, fyu, mchanga unatoka, mchanga unarudi. Likapatikana shimo la kufika magotini. Wanyama wakasema lishushwe. Korongo akasema, "Nikiingia chini zaidi, shada langu halitaonekana."

Maji yalikuja, ndiyo. Kidogo, ya rangi ya chai ya maziwa. Na zamu ya kunywa ikawa hivi: aliyesimama mbele mstarini siku ile, mbele hapa. Punda Milia wa kwanza. Nyumbu wakaingia na kwato zao zote. Swala wakapata. Ilipofika zamu ya mkiani, Paa aliinamisha kichwa shimoni akakuta tope.

Kesho yake, tope. Kesho kutwa, tope. Paa alilamba tope, akajaribu kumtengenezea mwanawe maziwa, na maziwa yakaanza kukatika. Tunu aliacha kurukaruka. Kisha akaacha kusimama kwa muda mrefu. Akawa analala kivulini, macho makubwa, pua kavu.

"Mama," akasema, "lile tikiti liko wapi?"

Paa akamlamba ile pua kavu.

Akaenda kwa Ngiri. Alimkuta mlangoni mwa pango lake, amepiga magoti, anang'oa mizizi.

"Hodi, Bwana Ngiri."

"Karibu."

"Mwanangu anakufa. Nichimbie kashimo kadogo, huko kwenye kona, hakuna atakayejua."

Ngiri akatafuna mzizi wake mpaka mwisho. "Mchanga utajua," akasema. "Nikichimba kwa siri leo, kesho kila mwenye ukucha atachimba kwa siri. Kingo zitaanguka zote, na hata hilo tope mtalitafuta. Mimi sikuchaguliwa."

"Niliku—" Paa akaanza.

"Nilikuona. Ulikuja mpaka karibu, ukageuka. Sikukulaumu, lakini nilikuona."

Paa akalia. Alilia bila sauti, kama wafanyavyo wadogo wa porini wanaoogopa kusikiwa. Ngiri akaona vibaya, akatazama pembeni. Hakuwa mnyama wa kubembeleza.

"Niambie jambo moja," akasema Ngiri baadaye. "Asubuhi ile ulitoka kwako unanitaka mimi. Nini kilikugeuza? Ni wimbo?"

"Si wimbo."

"Ni dada yako?"

Paa akafikiri. Alifikiri vizuri, maana mtu akishalia hana tena nguvu ya kudanganya. "Dada aliniita, na niliona haya. Lakini haya nimeizoea, mimi ni mdogo, nachekwa kila siku. Ni koo, Bwana Ngiri. Koo langu lilikuwa limelowa. Tulikwenda kuchagua mtu wa maji, na siku hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kiu. Ningekuwa na kiu kama hii ya leo, dada angeita mpaka sauti ikauke."

Ngiri akaacha kutafuna. "Na mwezi ukiandama?" akauliza.

Hii nayo ni desturi ya mto, sikuwaambia. Mchana wa siku ya mwezi kuandama, Mchimbaji husimama mbele ya wote akauliza, "Nani ana neno?" Mwenye neno akijitokeza, hupangwa mistari upya. Tangu mababu hakuna aliyewahi kujitokeza. Kwa Ndovu nani angethubutu? Na kwa Korongo, Nyani alikuwa tayari amekwisha kulundika matikiti.

Siku ikafika. Jua, jua, jua. Wanyama wamekonda, mbavu unaweza kuzihesabu. Ziwani walikuwa wameanza kwenda walio na nguvu, na wengine walikuwa hawajarudi. Lundo la Nyani liko pale, matikiti mabichi yanang'aa. Ndimi zote zinalitazama.

Korongo akafungua mabawa. "Nani ana neno?" akasema, na tayari mguu mmoja umeinuliwa kwa ajili ya ngoma.

"Mimi ninalo."

Kila shingo ikageuka. Paa. Tunu amelazwa ukingoni, kichwa juu ya jani.

"Sina ugomvi na Korongo," akasema Paa. "Wala simtaji mtu. Naomba jambo moja tu. Leo tujipange kwanza, tule baadaye. Na tujipange hapa hapa, kando ya shimo, kila mmoja akiwa analiona."

Nyani akaruka. "Hayo ni matusi kwa Mchimbaji wetu. Tangu lini watu wakapiga kura wakiwa na kiu? Mwenye kiu hana akili timamu. Wape kwanza watulie."

"Mwenye kiu anajua anachokitaka," akasema Paa. "Aliyelowa koo anajua anachokipenda tu. Tikiti litatungoja, Nyani. Halina miguu."

Hapo wanyama wakamtazama Korongo. Na Korongo, nasema tena, hakuwa mbaya. Alikuwa anajiamini mpaka unamwonea huruma. Akainua shada lake, akasema, "Wamenipenda wakiwa wameshiba, watanipenda wakiwa na kiu. Mapenzi ni mapenzi. Wajipange."

Nyani akajipiga kofi usoni.

Basi wakasogea kando ya shimo. Walilitazama. Lile shimo la magotini, lenye tope limepasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Nyani akaona mambo yanaharibika, akaanzisha wimbo haraka.

Nani ana shada?

Ngojeni. Msiitike. Safari hii hamna mate. Meza, uone. Ndimi zimeshikamana na kaakaa.

Nani ana shada?

Khaa. Khaa.

Nani ana shingo?

Khaa.

Nani atatunywesha?

Kimya. Hakuna aliyeitika. Korongo akaruka, akatua, pwaa, na pwaa ile ikasikika yenyewe, ikaenda mpaka ukingo wa pili, ikarudi. Akajitazama miguu.

"Jipangeni," akasema kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyesogea. Kila mmoja anamtazama mwenzake kwa kona ya jicho. Punda Milia anamngoja Nyumbu, Nyumbu anamngoja Punda Milia. Ngiri amesimama peke yake, mkia juu, hata Nungunungu hajafika bado.

Paa akatoka.

Hatua, hatua, hatua. Uwanja mwingine, jua lile lile. Akafika katikati, kama pale alipogeukia mara ya kwanza. Nyani akacheka. Na sauti ikaita, ile ile.

"Paa. Mdogo wangu. Wengi wape."

Paa akasimama. Nusu ya wanyama wakadhani anageuka tena.

"Dada," akasema, "wengi niliwapa mara ya kwanza. Nilichopewa mimi ni tope, na wewe unajua, maana wewe ulikunywa mbele yangu. Mwanangu yule pale. Njoo umtazame, kisha uniite tena."

Akaenda akasimama nyuma ya Ngiri. Peke yake. Mdogo, mgongo wake haufiki hata kwenye tumbo la Ngiri.

Swala akatazama ukingoni. Alimwona Tunu. Alimtazama kitambo. Halafu Swala huyo mwenye maringo, aliyekuwa anawaza wageni wataonyeshwa nani, akainamisha kichwa, akaenda akasimama nyuma ya mdogo wake. Nungunungu akaja. Kicheche akaja, na siku hiyo hakuna aliyeziba pua. Kisha Nyumbu mmoja mzee, ulimi nje, akatoka, akajikokota mpaka huko. Na mnajua Nyumbu, akienda mmoja wamekwenda wote.

Nisiwadanganye. Wengine walikwenda kwa sababu ya kiu. Wengine walikwenda kwa sababu mstari umekuwa mrefu. Punda Milia walikwenda wakisema Ngiri naye ukimtazama vizuri ana mstari mweupe kwenye shavu. Kobe alikwenda, akafika mlolongo umekwisha, lakini alikwenda, na akasema babu angeelewa. Kura haziandikwi sababu. Lakini ya kwanza ilikuwa na sababu, na nyingine zote ziliegemea pale.

Ngiri hakutoa hotuba. Alipita katikati yao, akalifukia lile shimo la tope, kisha akaenda mpaka kwenye kona ya mto, chini ya ukingo, akapiga magoti. Yale magoti waliyoyacheka.

Chaku, chaku, fuu. Chaku, chaku, fuu.

Vumbi likawaingia machoni, kama alivyosema. Likawaingia puani na masikioni, wakapiga chafya, na hakuna aliyelalamika. Akazama mpaka mabega. Akazama mpaka ukabaki mkia tu juu, umesimama. Chaku, chaku, fuu. Kisha sauti ikabadilika.

Chaku. Chubwi.

Akatoka, pua inachuruzika maji, na maji yakimfuata kupanda juu. Akasema neno moja.

"Wadogo."

Paa alimsogeza Tunu kwa kumsukuma kwa pua, hatua kwa hatua, mpaka ukingoni mwa shimo. Tunu akagusa maji kwa ulimi. Paa akamsukuma tena kwa pua. Tunu akagusa tena. Kisha akazamisha mdomo wote, akanywa, akapaliwa, akapiga chafya moja kubwa kuliko mwili wake. Ngiri akageuza uso upande mwingine. Anasema lilikuwa vumbi.

Wote wakanywa. Hata Nyani. Hata Korongo, na Korongo aliponywa alicheza, maana pale alikuwa hana jingine la kufanya na furaha ilikuwepo. Wakampigia makofi. Akicheza bila kuchimba, alikuwa mzuri sana.

Mnadhani imekwisha? Subirini, mnakimbilia wapi?

Masika ikaja, masika ikaondoka. Kiangazi kingine. Tunu amekua, ana miguu ya kukimbia na maswali ya kuchosha. Siku ya mlolongo ikafika, na safari hii hakuna aliyekuwa na shaka. Ngiri amekuwa mpenzi wa wote. Nyani, ambaye hapotezi muda, ndiye sasa mpambe wake, na ametunga wimbo.

Nani ana meno?

Ni Ngiri!

Wanyama wakaanza kujipanga mapema. Mstari ukawa mrefu mpaka kichakani. Swala akaita, "Paa, njoo. Nimekuwekea nafasi mbele."

Paa hakwenda. Akamgusa mwanawe, wakashika njia ya kushuka mtoni.

"Mama," akasema Tunu, "mstari uko kule. Si ni Ngiri wetu?"

"Ni Ngiri wetu, mwanangu. Twende kwanza tukatazame shimo."

Wakafika kwenye kona. Wakamkuta Ngiri amelala kando ya shimo la mwaka jana, tumbo juu, anaota jua. Shimo limejaa mchanga nusu. Ngiri akafungua jicho moja, akamwona Paa anachungulia shimoni. Akafungua la pili.

"Umekuja kunikagua?" akasema. "Mimi? Mimi niliyemwokoa mtoto huyu?"

"Ndiyo," akasema Paa. "Shikamoo, Bwana Ngiri. Nimekuja na koo kavu."

Ngiri akamtazama. Akatazama shimo. Juu kule wimbo unasikika, nani ana meno, ni Ngiri, nani ana meno, ni Ngiri. Akasikiliza kidogo, na hakuupenda tena kama alivyoupenda asubuhi. Akajiinua, akajikung'uta, akapiga magoti.

Chaku, chaku, fuu.

Paa akangoja mpaka aliposikia chubwi. Ndipo akapanda na mwanawe kwenda mlolongoni, akasimama nyuma ya nafasi ya Ngiri, na huko nyuma alimkuta Kobe, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anafika.

Funzo lake sitawaficha. Mtu huchagua kwa mengi: rangi, ukoo, mazoea, wimbo, haya ya kuonekana peke yake, na tikiti la asubuhi ile. Yote hayo hulowesha koo. Wewe siku yako ikifika, kumbuka kiu iliyokutoa nyumbani, na kabla hujatazama mstari, shuka ukatazame shimo. Hata kama ni la Ngiri wako.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa shimo. Na kwa kuwa nimesema sana, koo limenikauka. Mmoja aniletee maji. Nimesema maji, wewe mtoto. Tikiti rudisha ulikolitoa.